Wakurdi: dola kamili au utawala wa ndani?
Dhidi ya Daesh (kundi la Dola la Kiislamu, ISIS), Wakurdi wa Iraki na wa Syria walimwaga damu sawia. Peshmerga, wapiganaji wa Kikurdi wa Iraki, walipeleka hata mizinga Kobani, mji wa Wakurdi wa Syria uliokombolewa Januari 2015. Baada ya hapo njia ziliachana.

Erbil, makao ya serikali ya Wakurdi wa Iraki, ilitaka dola. Septemba 25, 2017, zaidi ya asilimia 92 ya waliopiga kura ya maoni walisema ndiyo kwa uhuru. Wiki tatu baadaye jeshi la Iraki likaingia Kirkuk, mji wa mafuta uliokuwa mikononi mwa Peshmerga, mafuta yakaponyoka. Marekani, mshirika wa vitani, ilikuwa imeipinga kura hiyo.

Rojava, eneo la Wakurdi kaskazini mwa Syria, haikudai mpaka mpya. Ilijenga mabaraza, na uenyekiti wa pamoja wa mwanamke na mwanamume. Uturuki haikujali, ikaichukua Afrin, sehemu ya Rojava, mwaka 2018.

Mimi naona Erbil, pamoja na pupa yake, iko pazuri zaidi: mamlaka yake yamo kwenye katiba ya Iraki ya 2005.