Dhahabu au hati fungani za Marekani: akiba ya taifa iwekwe wapi?

Kila mataifa makubwa yanapotunishiana misuli, benki kuu hurudia swali hili. (Kununua hati fungani ni kuikopesha serikali ya Marekani.)

Kwa usalama, dhahabu inashinda, mradi iko kwenye ghala lako mwenyewe. Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, nchi za Magharibi zilizuia takriban dola bilioni 300 za akiba yake. Dhahabu iliyokuwa nyumbani haikuguswa. Venezuela, iliyoweka yake London, imebaki kuhangaika mahakamani kuidai. Hata Ujerumani, rafiki wa Marekani na Ufaransa, ilihamisha tani 674 kutoka New York na Paris hadi Frankfurt, kazi iliyokamilika 2017. (Urafiki nao una mipaka yake.)

Kwa mapato, hati fungani ziko mbele: zinalipa riba, ilhali dhahabu hailipi kitu na bado inadai walinzi. Pia huuzika haraka dola zikihitajika. Ila riba ikipanda, kama 2022, bei ya hati hizo hushuka.

Nchi yenye madeni mengi ya dola na isiyo na ugomvi na Washington, ningeishauri ishike hati zaidi. Inayohofia vikwazo iongeze dhahabu, ikijua itakosa riba.