Uzoefu wangu na lugha ya D: jumla ilipotoka "nan"

Nina miezi minne najifunza D, lugha ya programu ya Walter Bright iliyotoka mwaka 2001. Nilizoea Python. Kompaila ya D (programu inayogeuza maandishi yako kuwa programu inayoendeshwa na kompyuta), DMD, ni ya bure, na kwa amri ya rdmd programu fupi inakompailiwa na kuendeshwa papo hapo.

Siku ya pili nikaandika programu ya kujumlisha mauzo ya duka la mama. Juu niliweka double jumla, yaani namba ya desimali iitwayo jumla, bila kuipa thamani. Kisha nikapitia bei zote nikiziongeza moja moja. Jibu: nan. Nikabadilisha bei, nan. Nikabakiza bei moja tu, nan tena. Saa nzima natafuta kosa kwenye kitanzi (sehemu inayorudiarudia kuongeza bei), kumbe liko mstari wa kwanza. Katika D, namba kamili usiyoipa thamani huanza na 0, lakini ya desimali huanza na nan, yaani "si namba", na ukiijumlisha na chochote inabaki nan. Nikaandika double jumla = 0; mambo yakanyooka. Siku ile nilikasirika kweli. Leo naitetea, maana hesabu iliyoharibika inajionyesha yenyewe, haijifichi nyuma ya sifuri.

Swali lililonisumbua zaidi ni la safu, yaani orodha ya thamani. Kutoka safu a yenye bei zote nilikata bei tatu za mwanzo, int[] b = a[0 .. 3], nikabadilisha b[0], na a nayo ikabadilika! Orodha ya Python ukiikata unapata nakala. D inakuonyesha kipande kilekile cha kumbukumbu, ukitaka nakala unaongeza .dup. Halafu nikaandika b ~= 500; kuongeza 500 mwishoni mwa b, na tangu hapo nikigusa b, a haitikisiki: b imeshahamia kwingine. Hili lichoreni kwenye karatasi, mimi ndivyo nilivyolielewa.

Kwenye kusoma namba anazoandika mtumiaji kwa readf, acheni nafasi kabla ya %s (alama ya mahali pa namba), la sivyo namba ya pili inakwama kwenye alama ya mstari mpya.

Maktaba ni chache kuliko za Python, na anayeanza programu kwa mara ya kwanza kabisa atapata tabu. Anayejua lugha moja tayari, namshauri aijaribu bila wasiwasi. Mimi kilichonishika ni unittest: majaribio ya kuhakikisha programu inatoa jibu sahihi unayaandika chini ya funksheni yenyewe, faili lilelile, na kuyaendesha kwa kuongeza -unittest kwenye amri ya kukompaili. La kwanza nililoandika linahakikisha jumla ya safu tupu ni 0.