Mirembe au Muhimbili: mtoto "mtundu" aanzie wapi?

Wa kwangu ana miaka 7. Hakai kwenye dawati, anarusha vitu, na ukimwita mara tatu hageuki. Bibi yake alisema fimbo imepungua.

Muhimbili, hospitali ya taifa iliyoko Dar, ina sifa yake: mabingwa wa watoto na wa akili wako eneo moja, na kama daktari anashuku kifafa cha kuduwaa, kile cha mtoto kukodoa macho sekunde chache halafu kuendelea kama kawaida, hapo safari ina maana. Treni ya SGR nayo imefupisha njia. Lakini nauli, malazi, na tarehe ya kurudi… tena mtoto aliyekutana na Dar kwa mara ya kwanza, chumbani kwa daktari anaweza kutulia kama maji ya mtungini. Daktari ataona nini?

Mirembe, hospitali ya afya ya akili hapa Dodoma, tunaenda kwa daladala. Jina linatisha (watu wa Dodoma tunajua linavyotumika kama tusi), ila tatizo la umakini na utundu uliopitiliza (ADHD) halionekani kwa kipimo cha damu wala picha ya kichwa. Kulithibitisha kunahitaji dalili za miezi 6 au zaidi, nyumbani na shuleni pia. Mwalimu wake aliandika ukurasa mzima. Barua hiyo ilisaidia kuliko maneno yangu.

Ningeanzia hapa, na kabla ya yote, masikio yapimwe. Asiyesikia vizuri huonekana jeuri.