Programu za kutenganisha sauti za wimbo kwa ajili ya rimiksi: nilivyozipanga, kuanzia ya bure

Nilipoanza kutengeneza rimiksi nilifanya kosa ambalo hadi leo naliona kwa karibu kila anayeniuliza habari hizi: nililipa kwanza, nikasikiliza baadaye. Nilijisajili kwa mwaka mzima kwenye huduma moja ya mtandaoni kwa sababu tangazo lake lilikuwa na mwimbaji aliyetoka safi kama amerekodiwa upya. Nikaitumia kwa nyimbo mbili. Wa tatu ulikuwa na kiitikio cha sauti nyingi juu ya matoazi yaliyopigwa kwa nguvu, na kilichonirudia kilisikika kama mtu anayeimba ndani ya ndoo ya maji. Programu ya bure niliyoipakua jioni hiyohiyo, kwa hasira tu, ilikitoa kiitikio kilekile vizuri zaidi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nami nilikuwa nimefuata kilichojitembeza.

Kwa hiyo mpangilio huu haufuati ukubwa wa bei. Kwa nyimbo nyingi tofauti ya ubora kati ya programu nzuri za sasa ni ndogo kuliko wanavyotuambia wauzaji. Kinachotofautisha ni unafanyia kazi wapi, na stemu ukishaipata unataka kuifanyia nini.

Stemu ni sehemu moja ya wimbo ikiwa peke yake: sauti ya mwimbaji, ngoma, besi, na fungu la mwisho la "vinginevyo", ambamo gitaa, kinanda na chochote kilichobaki hurundikwa pamoja. Stemu za studio ni rekodi halisi. Hizi za programu ni makisio. Wimbo uliokwisha kuchanganywa ni kama rangi zilizokorogwa kwenye kopo moja. Programu inakadiria tu kila tone lilitoka rangi gani, kwa sababu imefunzwa kwa nyimbo ambazo stemu zake halisi zilikuwepo. Mkusanyo uliotumika sana kwa kazi hiyo, MUSDB18, una nyimbo 150: 100 za kufundishia na 50 za kupimia. Kabla ya hapo tulikuwa na hila moja, kutoa chaneli ya kulia kwenye ya kushoto. Mwimbaji aliyewekwa katikati alipotea kweli, lakini aliondoka na besi na kiki (ngoma kubwa ya mguu), maana navyo hukaa katikati.

Jaribu kwa sekunde 30, lakini sekunde ngumu

Usijaribu programu kwa wimbo wa gitaa moja na mwimbaji mmoja. Huo hata programu mbovu itauweza. Chagua sekunde 30 za kiitikio chenye waitikiaji, matoazi na mwangwi mrefu, kisha vaa hedifoni.

Anza na herufi "s" na "sh" kwenye stemu ya mwimbaji. Sauti hizo hukaa juu kabisa, mahali palepale pa haihati, yale matoazi mawili ya mguu, na programu dhaifu huzigawa vibaya: mwimbaji anabaki na kithembe, na kwenye stemu ya ngoma unasikia mtu akinong'ona. Halafu sikiliza mwisho wa mstari, pale mwimbaji anaponyamaza na mwangwi wake unaendelea. Ukikatika ghafla, au ukianza kumeremeta kama kioo kilichopasuka, akapela hiyo, yaani mwimbaji bila ala, haitasimama peke yake. Mwisho nenda kwenye besi, usikilize kila kiki inapopiga. Noti ya besi ikimezwa kila mara, basi kiki imeondoka na kipande chake.

Baada ya hapo, na hili ndilo watu wengi huliruka, weka stemu juu ya biti unayotaka kuitumia. Dosari iliyokukera kwenye hedifoni inaweza kupotea kabisa chini ya haihati mpya. Stemu ya mwimbaji anayefungua rimiksi bila ala yoyote inahitaji usafi ambao mwimbaji aliyezungukwa na ngoma haudai. Wapo wanaolipia ubora ambao biti yao yenyewe itaufunika.

1. Ultimate Vocal Remover, pamoja na modeli za Demucs

Hii ni ya bure, huria, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na ndiyo ninayoifungua kwanza. Yenyewe ni sura tu. Kazi inafanywa na modeli zilizo ndani yake, yaani zile akili za kompyuta zilizofunzwa kutenganisha: MDX-Net, VR na Demucs. Demucs ilitoka kwenye maabara ya utafiti ya Facebook mwaka 2019, na toleo la nne, la 2022, ndilo wengi tunalotumia. Kipimo cha kawaida cha kazi hii huitwa SDR na husomwa kwa desibeli, kikubwa ndicho bora. Kwenye jedwali la watengenezaji wa Demucs wenyewe, toleo hilo limepata 9.0, na Spleeter, ambayo nitaifikia mwishoni, 5.9. Tofauti hiyo huhitaji kuambiwa, utaisikia.

Gharama yake ni muda na subira. Bila GPU, yaani kadi ya picha ya kompyuta, Demucs ya kawaida huchukua kama mara moja na nusu ya urefu wa wimbo, yaani wimbo wa dakika 4 unamalizika kwa kama dakika 6. Modeli iliyonolewa zaidi, yenye "ft" mwishoni mwa jina, huchukua mara nne ya hapo. Mimi hujaribu kwa ile ya haraka, na nikishajua sehemu ninayoitaka, naikata hiyo tu na kuipitisha kwenye ile ya polepole. Iko pia modeli ya stemu 6, inayoongeza gitaa na kinanda. Kinanda chake ni dhaifu na watengenezaji hawakulificha hilo, kwa hiyo usihesabu stemu 6 kuwa bora kuliko 4 kwa sababu ya namba.

Kinachoiweka hapa juu zaidi ni uwezo wa kuunganisha majibu ya modeli kadhaa. Modeli moja inaacha mabaki ya snea (ile ngoma ndogo yenye mlio mkali), nyingine inaacha mabaki ya gitaa. Ukizichanganya, mabaki mengi yanapungua. Skrini yake inatisha siku ya kwanza, vitufe kila mahali, na hakuna wa kumpigia simu. Siku ya tatu utakuwa unatumia vitatu tu.

2. Ile uliyokwisha kuilipia bila kujua

Kabla ya kununua chochote, fungua studio yako ya kompyuta, programu unayotengenezea muziki, uangalie. Logic Pro ilipata kitenganishi mwezi Mei 2024, kwenye toleo la 11, kwa Mac zenye chipu za Apple zenyewe, na mwaka uliofuata ikaongezewa gitaa na piano. FL Studio inacho tangu 21.2. Ableton Live inacho kuanzia 12.3, lakini kwenye toleo lake la juu, Suite, tu. Hapo ndipo pa kuwa makini: kipengele hiki mara nyingi kimefungiwa matoleo ya juu, kwa hiyo soma jedwali la matoleo kabla hujapandisha lako.

Ubora unatosha, na urahisi ndio unaolipa. Stemu zinatua kwenye mistari yake zikiwa tayari zimelingana na tempo, na wazo halipoi ukisubiri. Hapa ndipo rimiksi inapoacha kuwa wimbo uleule wenye ngoma mpya. Mwimbaji wa mapigo 70 kwa dakika anakaa juu ya biti ya 140 bila kunyooshwa hata kidogo. Ukimvuta kutoka 84 hadi 112, sauti inaanza kutetemeka. Fungu la "vinginevyo" likate nusu baa (baa ni fungu moja la mapigo, mara nyingi manne), ligeuze lianzie mwisho, upate mlio ambao mwenye wimbo hakuwahi kuupiga. Besi ya stemu mimi siitumii karibu kamwe. Naisikiliza, naipiga upya kwa kinanda changu, naifuta. Na ngoma ukizitaka safi, angalia utangulizi kwanza: baa moja ambayo ngoma zinapiga peke yake ni bora kuliko stemu yoyote, na haihitaji programu.

3. Programu za DJ

Kama unapiga mbele ya watu, hizi zinapanda hadi namba moja na wala hakuna mjadala. Algoriddim djay, VirtualDJ na Serato DJ Pro tangu toleo la 3 zinatenganisha wimbo ukiwa unacheza: unaua ngoma za huu, unamwacha mwimbaji wake aelee juu ya besi ya ule. Zinapendelea kasi kuliko usafi, na ukumbini kasoro hazisikiki. Zirekodi uzisikilize kesho yake kwenye hedifoni, utazisikia zote. Kompyuta dhaifu itakwama katikati ya onyesho, kwa hiyo jaribu kwenye mashine yako hasa, deki zote zikiwa zinafanya kazi.

4. SpectraLayers na RX

Za Steinberg na iZotope. Ni za fundi wa kurekebisha sauti, si za mtu anayeanza. Utakachokilipia kwenye SpectraLayers ni kuuona wimbo kama picha na kuhamisha kwa mkono tone lililokwenda stemu isiyo yake: hilo "s" lililopotelea kwenye ngoma unalichora na kulirudisha kwa mwimbaji. Nimelifanya kwa ubeti mmoja, likanichukua mchana kutwa. Kama hujawahi kukereka kiasi hicho, hifadhi fedha zako.

5. Huduma za mtandaoni na za simu

Sizidharau, hata kama hasara yangu ilianzia huku. Aliye na simu tu, Moises itamfaa kweli: inatenganisha, inabadilisha pichi, inaonyesha kodi za muziki (noti zinazopigwa pamoja), na inafaa zaidi kwa mazoezi kuliko kwa rimiksi ya kutoa. LALAL.AI haihitaji kompyuta yenye nguvu, na hesabu yake ni ya dakika. Popote utakapokwenda, uliza mambo haya: naruhusiwa kupakua WAV, faili isiyopunguzwa ubora, au ni MP3 tu? Dakika zinahesabiwa kwa wimbo au kwa kila stemu? Nikisitisha malipo, faili zangu zinabaki? Na lipa mwezi, usilipe mwaka.

Ya mwisho ni Spleeter ya Deezer, ya Novemba 2019. Ilikuwa ya haraka mno na ndiyo iliyowafungulia wengi mlango huu. Lakini modeli yake ya kawaida hukata kila sauti nyembamba iliyo juu ya kilohezi (kHz) 11, na mwimbaji anatoka kama amefunikwa blanketi. Tovuti inayokuuzia utenganishaji wenye sauti ya namna hiyo, iache.

Yote haya yanategemea faili unayoiingiza. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde kwa kawaida imeshapoteza kilicho juu ya kilohezi 16 hivi, na hakuna modeli itakayokirudisha. Tumia WAV au FLAC, ambazo hazipotezi kitu.

Kuhusu haki: programu kuwa huria hakukupi ruhusa juu ya wimbo. Kuna mwenye utunzi na kuna mwenye rekodi, na ukitaka kuiachia rimiksi hadharani unawahitaji wote wawili. Rimiksi yangu ya kwanza iliondolewa hata kabla rafiki zangu hawajaisikia. Sasa nikitaka kuachia kitu natafuta mashindano ya rimiksi, ambako msanii mwenyewe anatoa stemu zake za studio, na masharti yake nayasoma hadi mwisho. Huko kitenganishi sikigusi kabisa.