Uzoefu wangu: ajenti wa akili unde kwenye ujumbe wa kamati ya harusi

Aliyewahi kuwa mweka hazina wa kamati ya harusi hapa Dar es Salaam anaijua kazi yenyewe. Ahadi zinatolewa kwenye kundi la WhatsApp, nyingine unatumiwa pembeni, fedha zinaingia kwa simu mchana na usiku, halafu harusi ikikaribia mwenyekiti anataka orodha: nani kaahidi nini, kalipa kiasi gani, nani bado. Safari hii kazi hiyo nimeifanya kwa programu inayomwezesha ajenti wa akili unde (AI), yaani msaidizi wa kompyuta anayetafuta na kusoma mwenyewe, kupekua historia ya ujumbe wangu. Naandika kwa sababu maelezo niliyoyakuta kabla ya kuanza yalikuwa ya watu wanaochati kwa Kiingereza, na kwetu mambo yako tofauti.

Programu niliyotumia ni huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Unaiweka kwenye kompyuta yako, unaskani msimbo wa QR kama unavyofungua WhatsApp Web, nayo inahesabika kuwa kimojawapo cha vifaa vinne vinavyoruhusiwa kuunganishwa na simu. Ujumbe unanakiliwa kwenye hifadhidata ya SQLite, yaani faili moja hapo hapo kwenye kompyuta, na ajenti anaufikia kwa MCP, utaratibu wa kumuunganisha ajenti na programu nyingine ambao kampuni ya akili unde ya Anthropic waliutangaza Novemba 2024. Unauliza kwa maneno ya kawaida, yeye anatafuta, anasoma, anajibu. Unganisha mapema, kundi likishaundwa tu, maana kifaa kipya kikiunganishwa huletewa sehemu tu ya ujumbe wa nyuma.

Nilianza kwa kuuliza waliokwishalipa ni nani. Majina yaliyokuja yalikuwa machache mno. Nilipoangalia alichotafuta, nikakuta ni "lipa" na "tuma" basi. Kwenye kamati nani anaandika hivyo? Mtu anaandika "nimepunguza 50", au "pokea nusu, nyingine mwisho wa mwezi", au "mweka hazina cheki simu". Kiasi nacho kina sura nyingi: 50,000/=, 50k, elfu hamsini, hamsini tu. Laki inaandikwa kwa herufi na tarakimu haipo kabisa. Nikamwandikia maelekezo ya kudumu: haya ndiyo maneno ya ahadi, haya ya malipo, haya ya kuomba muda, na kiasi kinaweza kuandikwa hivi na hivi. Kuanzia hapo kazi ilibadilika kabisa. Hata waliopunguza ahadi kidogo kidogo aliwajumlishia vizuri.

Kabla hujachagua programu yoyote ya aina hii, uliza inatafutaje. Zipo zinazotumia faharasa, yaani orodha ya maneno iliyoandaliwa, inayolinganisha neno zima au mwanzo wa neno tu. Kiswahili kinabadilika mbele: nimetuma, katuma, watatuma, hajatuma. Ukitafuta mwanzo wa neno kwa "tuma", hayo yote yanakupita. Niliyotumia mimi inatafuta herufi popote zilipo ndani ya neno, kwa hiyo inayapata. Inaleta na takataka pia, yaani kila "matumaini" na kila aliyemtaja Tumaini, lakini ajenti anasoma na kuzitupa mwenyewe, na anajua kwamba "hajatuma" si malipo. Hapo ndipo anapokizidi mbali kisanduku cha kutafutia cha kwenye simu.

Undugu ulimshinda. Watu wawili waliandika, kila mmoja kwa siku yake, kwamba "shemeji katoa laki". Akawafanya mashemeji hao mtu mmoja na kufuta laki moja akidhani ujumbe umerudiwa. Baba mdogo, mama mkubwa, wifi, wote hao humtegemea anayesema. Tangu hapo nikadai kila mstari wa orodha uje na ujumbe wenyewe, aliyeutuma na tarehe yake, na nikawa napitia mistari yote inayotaja ndugu bila jina. Saa nayo iangalie: kikao cha saa kumi jioni alikiandika saa 10:00, ambayo kwetu ni saa nne asubuhi.

Ujumbe wa sauti hausomi kabisa, wala picha za miamala. Hili ni pengo kubwa, kwa sababu wazee wetu hawaandiki, wanaongea. Ahadi zao niliziandika kwa mkono kama zamani.

Kuhusu usiri, ninasisitiza. Hifadhidata iko kwako, lakini ujumbe anaousoma ajenti unakwenda kwenye seva za kampuni ya modeli (ile akili unde yenyewe inayomwendesha ajenti), isipokuwa kama modeli unaiendesha kwenye kompyuta yako mwenyewe. Na ndani ya ujumbe huo kuna maneno ya watu wengine. Nilitangaza kundini, "Ndugu wanakamati, hesabu zitasaidiwa na programu," nikaeleza inavyosoma, na waliotaka ujumbe wao wa pembeni usiguswe niliwatoa. Pia nilizima uwezo wake wa kutuma. Aprili 2025 watafiti wa Invariant Labs, kampuni ya usalama wa akili unde, walionyesha jinsi ajenti aliyeunganishwa na WhatsApp anavyoweza kurubuniwa kwa maelekezo yaliyofichwa hadi avujishe mazungumzo ya mtu. Ajenti wa hesabu hana haja ya kumwandikia yeyote. Ujue pia kwamba WhatsApp hairuhusu programu zisizo rasmi na inaweza kuifungia namba, kwa hiyo usiweke namba ya biashara unayoitegemea.

Siku ya kuvunja kamati nilisoma hesabu, kila ahadi na ujumbe wake, na hakukuwa na ubishi. Kisha nikakitoa kifaa kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Kukitoa hakufuti kilichokwisha kunakiliwa: faili la hifadhidata linabaki kwenye kompyuta, ni lazima ulifute wewe mwenyewe.