Chemka: Maji Mazuri kwa Anayeuheshimu Mkondo

Chemchemi ya Chemka, ambayo wengi huiita Kikuletwa au Maji Moto, iko kusini mwa mji wa Boma Ng'ombe, wilayani Hai, na kwa mtu anayetaka kuogelea katika maji ya asili mkoani Kilimanjaro, hapo ndipo ninapomwelekeza kwanza. Maji huchomoza ardhini penye mizizi ya mikuyu, yakiwa ya uvuguvugu tu licha ya jina lake, tena ni maangavu kiasi cha kuwaona samaki wadogo wakikudonoa vidole vya miguu.

Uangavu huo ndio unaohitaji tahadhari kubwa kuliko yote. Maji hupinda mwanga, hivyo anayetazama kutoka juu huona kina cha mita 4 kana kwamba ni mita 3, na mzazi anaweza kuamini kwamba mtoto atagusa chini pale ambapo hatagusa kabisa. Asiyejua kuogelea avae jaketi okozi tangu anapoingia, wala asitegemee mpira wa gari peke yake, kwa kuwa mpira humponyoka mtu mara unapopinduka. Kabla ya kukubali jaketi la kukodi, mfunge mtoto mikanda yote, kisha livute juu kwa kulishika mabegani: likipanda hadi kufunika kidevu na masikio, ni kubwa mno kwake, omba jingine. Kamba ya kurukia ina raha yake, na watoto wakubwa hawabanduki hapo. Hata hivyo, ogelea kwanza pale itakapokuangushia, upapase kama kuna mizizi au mawe, na usiruke mpaka aliyetangulia awe ameondoka.

Dimbwi huonekana limetulia, lakini maji yake yana njia ya kutokea, na anayeifuata huelekea Mto Kikuletwa, ambao humwaga maji yake katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lenye mamba. Kwa sababu hiyo mimi hubaki dimbwini, nami nawasihi wenye familia wafanye vivyo hivyo. Mkondo ukikuchukua, usishindane nao: lala chali, miguu itangulie, ujisogeze kimshazari kuelekea ukingoni. Aliye nchi kavu anyooshe fimbo ndefu au arushe kamba. Akijitosa bila kuwa mwogeleaji hodari, watahitaji kuokolewa wawili.

Chakula na vinywaji hupatikana papo hapo, ila pombe isubiri hadi mtu awe amemaliza kuogelea. Njia kutoka Boma ni ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa masika. Nenda asubuhi, siku ya kazi, kwa maana mwishoni mwa wiki watu hujaa, na katika msongamano huo ni vigumu mno kumfuatilia mtoto kwa macho.