Scarlett Solo, SM58 na Reaper: seti nafuu ya kurekodia nyumbani

Anayeanza kurekodi nyumbani huuliza kwanza programu. Aanze na chumba. Kuta tupu na sakafu ya vigae hurudisha mwangwi, na mwangwi ukishaingia kwenye sauti ya mwimbaji hautoki kirahisi.

Kwa chumba cha namna hiyo, maiki ya Shure SM58 ni chaguo salama kuliko maiki ya kondensa (aina inayonasa hata sauti ndogo) kama Audio-Technica AT2020. Si kwamba SM58 haisikii chumba. Imeundwa kuimbiwa kwa karibu, sentimita 5 hadi 10, kwa hiyo sauti ya mdomo huufunika mwangwi. AT2020 hunasa sauti nyembamba za juu kwa uwazi zaidi na inapendeza sana kwa gitaa lisilo la umeme, lakini huimbiwa kwa mbali kidogo, na hapo ndipo chumba hujipenyeza.

Udhaifu wa SM58 ni kwamba hutoa mawimbi hafifu, chini ya AT2020 kwa takriban desibeli 17. Kadi ya sauti (kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta) ya Focusrite Scarlett Solo, toleo la tatu, huongeza hadi desibeli 56. Kwa mwimbaji mwenye sauti kubwa zinatosha kabisa. Kwa anayenong'ona utafika karibu na mwisho wa geini (kiwango cha kukuza sauti) na kuanza kusikia mvumo. Dawa ni kusogea karibu zaidi. Besi itavimba kwa sababu ya ukaribu huo, basi punguza kila kilicho chini ya Hz 100 kwa ReaEQ, kirekebisha masafa kilichomo ndani ya Reaper, programu ya kurekodia. Rekodi kwa biti 24, vilele vya sauti viishie kati ya desibeli -12 na -6. Hakuna sababu ya kugusa sifuri, kikomo ambacho sauti ikikipita hukatika.

Solo ina tundu moja tu la XLR, la kuchomekea maiki. Anayetaka maiki mbili achukue Scarlett 2i2.

Malalamiko mengi ya kusikia sauti yako kwenye hedifoni ikichelewa hutokana na mpangilio. Kwenye Windows, sakinisha draiva ya ASIO ya Focusrite (programu ya kuendesha kadi inayopunguza ucheleweshaji), kisha uichague ndani ya Reaper kwenye mipangilio ya kifaa cha sauti. Weka bafa (idadi ya sampuli za sauti zinazokusanywa kabla ya kuchakatwa) 128 wakati wa kurekodi, 1,024 wakati wa kuchanganya: kwa Hz 44,100 hiyo ni tofauti ya milisekunde 3 na 23. Ukiwasha kitufe cha Direct Monitor, kinachokupa sauti ya maiki moja kwa moja kutoka kwenye kadi, zima usikilizaji wa traki ndani ya Reaper, la sivyo utajisikia mara mbili.

Reaper yenyewe ni nyepesi, na siku 60 za majaribio hazifungi chochote. Upungufu wake ni ala: karibu haina. Mwenye Mac aanze na GarageBand, yenye ngoma na kinanda tayari. Kwa usimulizi mtupu, Audacity inatosha.

Hedifoni ziwe za kufunika masikio na zilizofungwa nyuma, ili mlio wa metronomu usivujie kwenye maiki. Spika za studio zinaweza kusubiri.